Ratiba ya Mwaka 1899

Ukitafuta Kiswahili cha ule msimu ambao majani ya Ulaya hupukutika, kamusi itakupa neno vuli. Mtu wa Pwani akisikia vuli anawaza kitu kingine kabisa: mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, kusi imeshachoka na kaskazi bado haijashika. Neno moja, hali mbili za hewa. Nimekuwa nikilichezea kichwani kwa sababu mimi na mabeshte wangu wanne tunapanga safari ya mwezi wa kumi: Unguja kwanza, halafu treni kutoka Mombasa hadi Nairobi, halafu Mlima Kenya, halafu turudi jijini tulale mpaka miguu ipoe. Kwenye grupu la WhatsApp tumebishana wiki nzima kuhusu mvua. Wengine wanataka twende Septemba kungali kukavu. Wengine mshahara wao haujui Septemba.

Katika kutafuta nani alipita mzunguko huu kabla yetu, nikakutana na mtu aliyebanwa na vuli kuliko sisi. Halford Mackinder alikuwa mhadhiri wa jiografia Oxford, umri miaka 38. Mwaka 1899 aliamua kupanda Mlima Kenya katika likizo ndefu ya chuo, arudi Uingereza muhula wa vuli ukianza au karibu na hapo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hiyo kalenda ya chuo hainitishi tena, lakini naielewa presha hiyo. Ni presha ya mtu mwenye tarehe ya kurudi.

Kwa nini huo mlima? Kwa sababu Kilimanjaro kilikuwa kimeshachukuliwa. Hans Meyer, Mjerumani, alifika juu Oktoba 1889. Mlima Kenya ulikuwa upande wa Waingereza na kilele chake hakuna Mzungu aliyekuwa amekifikia. Krapf aliuona kutoka Ukambani mwaka 1849, na Wazungu wenzake wengi wakamkatalia kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Teleki alipanda sehemu mwaka 1887, Gregory akafika kwenye barafu mwaka 1893. Kwa mhadhiri anayejenga jina la somo lake, hiyo ilikuwa nafasi ambayo haingejirudia.

Na kulikuwa na reli. Hapa ndipo ratiba yake inapofanana na yetu hadi inanikera. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899. Nairobi yenyewe ilikuwa kambi: mahema, mabati, bohari za vyuma, kinamasi. Safari ambayo zamani ilikula wiki nyingi za kutembea kutoka baharini ikawa sasa ni ya treni. Bila reli ile, likizo ya chuo isingetosha. Mackinder alikuwa kati ya watu wa mwanzo kabisa kuutumia mji huu kwa kazi ambayo sisi sote tunautumia hadi leo, yaani mahali pa kushukia ukielekea kwingine.

Lakini treni haipandi mlima. Mwishoni mwa Julai msafara ulitoka Nairobi na watu 170: Wazungu 6, Waswahili 66, Wamaasai 2 wa kuongoza njia, na Wakikuyu 96. Wazungu wale walikuwa Mackinder, Campbell Hausburg aliyekuwa naibu wake na mpiga picha, mtaalamu wa mimea Saunders, Camburn wa kukausha ngozi za wanyama na ndege, na waongozaji wawili wa milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Majina yao yote yamehifadhiwa vizuri. Waswahili 66 wamebaki tarakimu.

"Swahili" katika vitabu vya namna hiyo lilikuwa jina la kazi karibu sawa na jina la watu. Maana yake mtu wa pwani au visiwani, mzoefu wa misafara, anayebeba mzigo wa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kichwani au begani. Soko kubwa la kazi hiyo kwa miongo mingi lilikuwa Unguja. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897 tu, kwa hiyo miaka miwili baadaye mpagazi angeweza kuwa mtu huru wa tangu kuzaliwa, au mtu ambaye uhuru wake ulikuwa na umri wa mtoto anayejifunza kusema. Maneno yao bado tunayo. Posho ilikuwa chakula cha msafara. Mnyapara alikuwa kiongozi wa wapagazi, na leo nenda mjengo wowote Nairobi utamkuta amesimama na orodha yake.

Hebu tupige hesabu ya posho, kwa sababu hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Kipimo cha kawaida kilikuwa kibaba kimoja kwa mtu kwa siku. Toa Wazungu, wanabaki watu 164, vibaba 164 kila siku. Kutoka Nairobi hadi kambi ya chini ya mlima, waliyoifikia tarehe 18 Agosti, ni kama wiki tatu. Hivyo ni vibaba zaidi ya 3,400, na havikuwa vya kubebwa vyote. Vilitakiwa vinunuliwe njiani, kwa watu wa njiani.

Watu wa njiani walikuwa wanakufa njaa. Mvua zilikuwa zimekosekana, ndui ilikuwa imeingia, na chakula kingi kilikuwa kimeshauzwa kulisha reli na misafara. Wakamba waliiita njaa ile Yua ya Ngomanisye, iliyoenea kila mahali. Wakikuyu waliiita Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya Ulaya. Sioni kama jina hilo linahitaji maelezo. Ukipitisha midomo 164 katika nchi kama hiyo, ukitaka unga, unakuwa sehemu ya njaa yenyewe hata kama mkononi una shanga na nguo za kulipia.

Chakula kikaisha. Baadhi ya wapagazi waliiba vijijini, wengine wakajaribu kutoroka, wenyeji wakaugeukia msafara na watu wake wawili wakauawa. Saunders akatumwa Naivasha kwa afisa wa serikali, Kapteni Gorges, kuomba msaada. Mtu mwenye muda angeteremka. Mackinder akaendelea kupanda. Tarehe 30 Agosti walijaribu na kurudishwa na giza. Tarehe 11 Septemba Ollier na Brocherel wakarudishwa na dhoruba ya theluji. Saunders aliporudi na chakula, wakaenda tena watatu, wakavuka barafu ya Lewis, wakalala kwenye mwamba, asubuhi wakachonga ngazi katika barafu, na saa sita mchana tarehe 13 Septemba 1899 wakasimama juu ya Batian, mita 5,199. Kusema kweli ni upandaji mkubwa. Hakuna aliyefika tena kwenye kilele hicho hadi 1929.

Januari 1900 alikuwa London akiusimulia mbele ya Royal Geographical Society. Vilele alivipa majina ya viongozi wa Wamaasai, Batian, Nelion na Lenana, heshima ambayo mimi naiona nusu nusu: mlima uko mlangoni mwa Wakikuyu, Wameru na Waembu, na ulikuwa na majina yake. Mabonde yakagawiwa wageni. Ukipitia njia ya Sirimon unatembea katika bonde la Mackinder. Kuna bonde la Hausburg, bonde la Teleki, bonde la Höhnel.

Kitabu chenyewe hakukichapisha. Aliacha makaratasi, na mwaka 1991, yeye akiwa amekufa tangu 1947, mwanajiografia K. Michael Barbour aliyahariri na kuyatoa. Humo ndimo lilimotokea jambo ambalo hadithi ya kilele haikuwa imelibeba kwa zaidi ya miaka 90. Katika kumbukumbu za msafara kuna orodha ya wapagazi Waswahili, na kando ya majina manane pameandikwa kwamba walipigwa risasi kwa amri.

Darasa la saba tulifundishwa kauli ya kutendwa: mpira umepigwa, mtoto ameitwa. Mwalimu alikuwa akisisitiza kwamba mtendaji anaweza kuachwa na sentensi ikabaki sahihi. Walipigwa risasi kwa amri ni sentensi sahihi. Wazungu walikuwa sita, na aliyeongoza ni mmoja. Gerry Kearns, aliyeandika mwaka 2009 kitabu kuhusu Mackinder na siasa za himaya, halipiti jambo hilo kimya. Nami nikitazama tarehe zile siwezi kulitenga na haraka: njaa, mizigo, wapagazi wanaotaka kuondoka, na mhadhiri ambaye akichelewa wiki mbili anakosa kilele au anakosa muhula.

Kwa hiyo siku hizi kwenye grupu, wakibishana kuhusu mvua, mimi nauliza habari za wapagazi. Wanabeba kilo ngapi, wanalala wapi, wanakula nini, wanalipwa lini. Nimeambiwa ninaharibu mzuka. Bajeti imepanda na siku tumeongeza moja, Unguja ikapungua siku moja. Hakuna aliyefurahi sana.

Orodha za wapagazi zilitunzwa kwa ajili ya malipo. Kawaida mtu aliandikwa jina, akapewa rupia za mwanzo aachie nyumbani, na salio lilisubiri msafara urudi. Huko pwani waliitwa mmoja mmoja, jina kwa jina, na aliyeitika ndiye aliyelipwa.