Viroboto juu ya mtoto wa paka: namna ya kuvitoa bila kumuua paka mwenyewe

Bel-Air, katika komini ya Kampemba, paka hafugwi kwa urembo. Anafugwa juu ya panya. Nyumba yenye mfuko wa unga wa mahindi na haina paka (pushi, kama wengi wanavyomuita hapa Lubumbashi) inajua kinachotokea usiku. Ndiyo maana watu wanaomba mtoto wa paka kwa jirani angali mdogo sana, wakati mwingine mbele hajamaliza kunyonya. Anafika ndani ya karton, watoto wanafurahi, anawekwa chini ya kitanda. Kisha siku chache watu wa nyumba wanaanza kujikuna miguu. Wakipanua manyoya ya yule mdogo wanaona vidudu vyekundu-vyeusi vinakimbia kuelekea tumboni na shingoni.

Kosa linaanza hapo. Mtu anachukua dawa ile iko karibu: bombe ya kuulia mende, unga wa wadudu wa sokoni, chaki ya mende, dawa ya mbwa iliyobaki, ao petroli ya taa. Viroboto vinakufa kweli. Mara nyingi mtoto wa paka naye anakufa, na watu wanasema ni viroboto vilimmaliza.

Paka si mbwa mdogo

Dawa nyingi za wadudu zina permetrini ao ndugu zake, kama sipermetrini na deltametrini. Mbwa anavumilia permetrini, ini lake linaivunja na kuitoa. Ini la paka halina nguvu hiyo, kwa hiyo sumu inabaki mwilini na kushika mishipa ya fahamu. Dawa ya mbwa ya kutonesha mgongoni inaweza kuua paka mzima, sembuse mtoto wake wa gramu 400. Amitrazi, inayotumika kwa kupe wa mbwa na ng'ombe, nayo si ya paka. Diklorvosi, ile dawa kali ya chupa ndogo, haifai kabisa juu ya mnyama, na watoto wa nyumba wasiiguse pia.

Tena paka anajilamba mchana kutwa. Kila kitu kinachopakwa juu ya manyoya yake kinafika tumboni. Hii inahusu hata dawa zinazoitwa za asili: kitunguu saumu ni sumu kwa paka, mafuta ya mikalitusi ni sumu, na petroli inachoma ngozi, ikivutwa inaharibu mapafu. Kusema "ni ya asili" hakumsaidii mnyama.

Lakini kuacha viroboto pia ni hatari, na hapa hesabu inaonyesha vizuri. Mtoto wa paka wa gramu 400 ana damu ya mililita 25 hivi, haifiki vijiko 2 vya supu. Viroboto majike 70 hivi vinaweza kunywa mililita 1 kwa siku. Wiki moja tu, na mtoto amepoteza zaidi ya robo ya damu yake. Dalili iko mdomoni: inua mdomo wa juu uangalie fizi. Zikiwa za rangi ya waridi, ni vizuri. Zikiwa nyeupe ao kijivu, mtoto baridi na hana nguvu ya kunyonya, hiyo si kazi ya kisanuo tena, ni kumpeleka kwa munganga wa wanyama siku ileile.

Kama huna hakika ni viroboto, chukua vumbi jeusi lililo katika manyoya, liweke juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Likigeuka wekundu, ni mavi ya kiroboto, yaani damu iliyokauka.

Mbele ya yote, jua umri wake

Wengi wanaruka hatua hii, na ndiyo inayoamua mengine yote. Macho yakiwa bado yamefungwa, hajafika wiki 2. Meno madogo ya mbele yakianza kutoka, yuko karibu na wiki 3. Akiwa anakimbia na kucheza na kamba, amepita wiki 4 ao 5. Kwa kupima uzito, mizani ya dukani ya kupimia maharagi inatosha: mtoto wa wiki 4 aliye mzima anakaribia gramu 400, wa wiki 8 anakaribia gramu 800 ao zaidi kidogo.

Dawa nyingi za paka za kutonesha shingoni zinaruhusiwa kuanzia wiki 8. Kuna kidonge cha nitenpiramu kinachoua viroboto kwa masaa machache, lakini kinataka mnyama awe na wiki 4 na uzito wa karibu kilo 1, na watoto wengi wa wiki 4 hawafikii hata nusu ya hapo. Kugawanya dawa ya paka mkubwa kwa macho, "kidogo tu", ni kubahatisha.

Kwa mtoto mdogo basi, dawa ya kwanza ni kisanuo. Tafuta kile chenye meno ya karibu-karibu, kile kinachotoa chawa kwa kichwa. Weka kando bakuli ya maji ya moto kidogo yenye sabuni. Mkalishe juu ya kitambala cheupe, sanua kuanzia shingo kushuka mkia, kisha tumbo na makwapa, na kila mara chovya kisanuo ndani ya bakuli. Sabuni inafanya kiroboto kizame. Bila sabuni kinaelea na kuruka tena. Usivunje viroboto kwa kucha. Fanya hivyo asubuhi na jioni.

Kama viroboto ni vingi mno na mtoto amepita wiki 4, unaweza kumuosha. Maji yawe ya uvuguvugu, yanayofanana na joto la mwili, jaribu kwa kiwiko kama unavyofanya kwa mtoto wa binadamu. Sabuni ya vyombo kidogo sana inatosha. Javel hapana, sabuni kali ya kufulia hapana. Anza kwa kupaka povu kuzunguka shingo, kama mkufu, maana viroboto vikisikia maji vinakimbilia kichwani, na povu lile linavizuia. Kisha mwili. Kichwa usikiingize ndani ya maji: uso unapanguswa na kitambala na kusanuliwa. Dakika 5, suuza vizuri, maliza. Mtoto ambaye macho yake bado yamefungwa asilowekwe, mpanguse na kitambala chenye uvuguvugu na kumsanua tu.

Baridi inaua haraka kuliko viroboto. Lubumbashi iko juu, karibu metre 1.200, na usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 joto linashuka chini ya digri 10. Mtoto wa paka hajui bado kujipasha moto mwenyewe. Muoshe saa sita mchana, si magaribi. Mkaushe na taulo mpaka manyoya yasimame, kisha mlaze karibu na chupa ya maji ya moto iliyofungwa ndani ya kitambala. Umeme ukikatika, watu wanavuta mbabula ndani ya chumba na kufunga mlango: moshi wa makala usioonekana umeshaua watu wengi, hautachagua paka.

Viroboto vingi haviko juu ya paka

Jike moja linaweza kutaga mayai 40 ao 50 kwa siku, na mayai hayashikamani na manyoya. Yanaanguka pale paka analala. Funza wanaotoka wanachukia mwanga, wanajificha ndani ya nyufa za sima, chini ya tapi, nyuma ya kanape, pembeni ya matela. Kisha wanajifunga ndani ya kifuko, na kile kifuko kinaweza kungoja miezi mpaka kisikie joto ao mtikisiko wa mguu. Ndiyo maana mtu anarudi nyumbani kisha safari ndefu, nyumba ilikuwa tupu, na anaumwa na viroboto mara moja.

Basi karton ya kwanza ichomwe nje. Mpe mtoto kitambala kimoja tu cha kulalia, na kila siku 3 ao 4 kichemshwe, kianikwe juani, kipigwe pasi. Ondoa tapi, fagia mpaka ndani ya nyufa, takataka ziingie moja kwa moja kwenye moto ao ndani ya mfuko uliofungwa, si pembeni ya mlango. Pangusa sima na maji ya sabuni. Usiku, sahani ya maji yenye sabuni chini ya taa ndogo inakamata vinavyoruka. Kazi hii inachukua zaidi ya wiki 3, na wakati wa mvua, joto na unyevu vinapokutana, inaweza kupita hapo. Watu wanachoka siku ya 10, wanasema dawa imeshindwa.

Mama yake akiwa kwenye lupango, naye atunzwe. La sivyo kila kunyonya ni kupokea viroboto vipya. Paka anayenyonyesha asipewe dawa yoyote bila kuuliza munganga.

Watoto wa nyumba wanaguswa pia. Kiroboto cha paka kinabeba mnyoo tegu: mtoto akimeza kiroboto bila kujua, anaupata tumboni. Mikono ioshwe kisha kucheza na paka. Kwa wasikilizaji wa Ituri kuna jambo la ziada. Kule tauni bado ipo, inabebwa hasa na viroboto vya panya, na paka anayekula panya mgonjwa anaweza kuipata na kuipeleka kwa watu. Panya wakianza kufa wenyewe nyumbani, usiwaguse na usisanue paka: peleka habari kwenye kituo cha afya.

Kama sumu imekwisha kupakwa

Paka anatetemeka, anatoa mate mengi, masikio yanachezacheza, anatembea kama mlevi, kisha degedege. Muoshe mara moja na maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, mfunike, mpeleke kwa munganga pamoja na chupa ao karatasi ya ile dawa. Usimpe maziwa, usimpe mafuta ya mawese: sumu hizi zinayeyuka ndani ya mafuta, na mnyama anayetetemeka anaweza kuvuta kile anachonyweshwa mpaka mapafuni. Usimtapishe. Lubumbashi, mwenye kutafuta munganga wa wanyama anaweza kuanzia kwenye fakilte ya udaktari wa wanyama ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU). Aende akijua umri wa paka, uzito wake, na saa dawa ilipopakwa, maana hayo ndiyo maswali ya kwanza atakayoulizwa.