Ilani katika utwaaji wa ardhi ya ziada mijini (India)

Ilani katika utwaaji wa ardhi ya ziada mijini ni taarifa za maandishi ambazo mamlaka za majimbo ya India zilitakiwa kuzitoa kabla ya kuchukua ardhi iliyozidi ukomo wa Sheria ya Ukomo na Udhibiti wa Ardhi ya Mjini ya mwaka 1976. Sheria hiyo, iliyotungwa wakati wa hali ya hatari chini ya Indira Gandhi, iliruhusu mita za mraba 500 tu za ardhi tupu katika miji mikubwa kabisa kama Bombay na Calcutta, na hadi 2,000 katika miji ya daraja la chini. Fidia ya ardhi ya ziada haikuzidi rupia 10 kwa mita ya mraba, wala rupia 200,000 kwa jumla. Kwa malipo duni kiasi hicho, kinga kubwa aliyobaki nayo mwenye ardhi ilikuwa utaratibu wenyewe.

Mwenye ardhi alitangulia kuwasilisha maelezo ya mali yake. Afisa wa mamlaka akaandaa rasimu ya hesabu ya ziada, na chini ya kifungu cha 8 akampelekea pamoja na ilani ya kuweka pingamizi ndani ya siku 30. Baada ya hapo, kifungu cha 10 kiliagiza tangazo la kwanza katika gazeti la serikali ili kila mwenye dai ajitokeze, kisha tangazo la pili lililohamishia umiliki kwa serikali ya jimbo.

Ugomvi mkubwa ulianzia hapo. Kifungu cha 10(5) kilisema mamlaka "inaweza" kumwandikia yeyote aliye kwenye ardhi, awe mwenyewe au mtu mwingine, aikabidhi ndani ya siku 30 tangu apokee ilani. Akikaidi, kifungu cha 10(6) kiliruhusu nguvu. Mara nyingi maofisa walitosheka na matangazo ya gazetini na kumbukumbu za ofisini, huku familia ikiendelea kuishi palepale.

Sheria ya mwaka 1999 iliyoifuta ile ya 1976 iliupa upungufu huo uzito mpya. Katika majimbo yaliyoikubali, serikali ilibaki na ardhi ambayo tayari ilikuwa imeikamata. Mashauri mengine yalikufa. Uttar Pradesh iliikubali mwaka huohuo, Maharashtra mwaka 2007.

Mwaka 2013, katika shauri la Jimbo la Uttar Pradesh dhidi ya Hari Ram, Mahakama ya Juu iliamua kwamba tangazo la pili huhamisha haki ya kisheria tu, si ardhi yenyewe. Asipoitoa mtu kwa hiari, ilani ya 10(5) ni lazima, na bila hiyo nguvu haina uhalali. Uamuzi huo ni wa haki: gazeti la serikali halisomwi na mkulima wa pembezoni mwa mji.

Mwaka 2014, katika shauri la Jimbo la Assam dhidi ya Bhaskar Jyoti Sarma, Mahakama iliweka mpaka. Aliyeondolewa kweli kwenye ardhi bila ilani anatakiwa kulalamika ndani ya muda unaofaa. Akinyamaza kwa miaka mingi, huhesabiwa ameiachia haki hiyo. Kwa hiyo swali linaloamua mashauri mengi ni la ushahidi: siku sheria ilipofutwa, nani hasa alikuwa kwenye ardhi?