SCX24, TRX-4M, FCX24 ama WPL? Soma Hii Kabla Utume Doo ya Krola

Kama umekuwa ukicheki zile video za vipikapu vidogo vya rimoti vikipanda mawe polepole, na sasa kidole kinakuwasha utume doo, tulia kwanza. Hizo ndai zinaitwa krola, na hazifanani. Kuna ya kukaa kwa kiganja na kuna ya kujaza meza. Ukichukua yenye haikufai, umejinunulia pambo la kuweka juu ya TV.

Mimi najua juu ilinipata. Krola yangu ya kwanza niliichukua mtandaoni kwa sababu mbili tu: bei ilikuwa chini na ilikaa Hilux. Wiki ya pili ikakwama kwa kokoto, mi nikaendelea kubonyeza, meno ya gia yakaisha. Aliyeniuzia hakuwa na spea. Fundi wa simu wa mtaa akaigeuza, akacheka, akanirudishia. Nilingoja gia zaidi ya mwezi, na hiyo ilikuwa ganji ya article zangu za kwanza tangu niache chuo. So leo nakupigia hesabu nilizokosa kupiga.

Krola ni ndai ya aina gani?

Usiichanganye na zile za kukimbia. Krola inatembea. Tairi zote nne zinavuta, na difu zimefungwa, yaani tairi mbili za ekseli moja zinazunguka pamoja hata moja ikiwa hewani. Gia ziko chini sana ndio mota ndogo ipate nguvu ya kupanda. Tairi ni laini, na ndani zina sponji badala ya upepo, ndio zishike jiwe.

Ukitaka kuelewa roho ya hii kitu, fikiria Rhino Charge, ile ya kila mwaka ya kuchangia Rhino Ark. Pale mshindi si mwenye kasi. Ni mwenye amefikia vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi. Mashindano ya krola yako hivyo: unapita kati ya vijiti, ukigusa kijiti unapigwa pointi za adhabu, ukirudi rivasi pia unapigwa, na mwenye pointi chache ndiye anabeba. Haraka haikusaidii sana.

Skeli: hapa ndio wengi hupotea

Ukiona 1:24, maana yake ndai halisi imepunguzwa mara 24. Pikapu ya mita 5 inakuwa karibu sentimita 21. Kwa 1:18 inakuwa karibu sentimita 28, na kwa 1:16 sentimita 31. Kwa 1:10, ile saizi ya wazee wa hii hobi, ni nusu mita.

Sasa geuza hesabu. Jiwe la sentimita 10 ni kama ukuta wa mita 2.4 mbele ya krola ya 1:24. Ndio maana ukiwa na ndogo hauhitaji kwenda Ngong. Vitabu, viatu na mto wa kochi vinatosha kukupa kazi jioni nzima ndani ya bedsitter. Lakini ukiipeleka kwa nyasi ama kokoto za mjengo, ndogo itakwama kila hatua mbili, na utachoka kuinama.

Axial SCX24 (1:24)

Hii ndiyo ilifanya watu wachukulie krola ndogo kwa ukweli. Inakuja tayari na rimoti, betri ndogo ya 350 mAh na chaja ya USB. Bei yake Marekani mwanzoni ilikuwa karibu dola 120.

Nguvu yake kubwa ni spea. Karibu kila kipande kinauzwa peke yake, na makampuni mengine kama Injora yanatengeneza vyuma vya kuiboresha. Ubaya wake: ikitoka kwa boksi uzito uko juu, kwa hivyo inapinduka mapema ikipanda. Shoki hazina oili, zinarukaruka. Servo, kale kamota kanageuza tairi za mbele, ndiyo wengi hubadilisha kwanza.

Traxxas TRX-4M (1:18)

Iliingia 2022 ikiwa na bodi mbili, Land Rover Defender na Ford Bronco, bei karibu dola 150. Ni kubwa kiasi, na hiyo tofauti utaiona nje. Shoki zina oili, betri ni 750 mAh, na stima yake yote imezuiwa maji. Ukipita kwa kidimbwi hauanzi kuomba. Ukifika keja, ipanguze na uikaushe, juu bearing na skrubu zinaweza kushika kutu.

Kama unataka ndai ya kutoa kwa boksi na kupeleka kwa mawe siku hiyohiyo bila kubadilisha kitu, hii ndiyo inanikaa sawa zaidi. Shida ni mfuko. Spea zake ni nyingi lakini si za bure.

FMS FCX24 (1:24)

Hii ya Wachina ni ndogo kama SCX24 lakini imebeba mambo mawili ya wakubwa. La kwanza, gia mbili: unabonyeza rimoti, inatoka gia ya kupanda inaingia ya kutembea haraka. La pili, ekseli za portali kama za Unimog. Pale kwa tairi kuna gia ndogo zinazoinua ekseli juu ya katikati ya tairi, kwa hivyo tumbo la ndai haligusi mawe haraka.

Kwa hizo pesa unapata vitu vingi. Lakini kumbuka kila gia imeongezwa ni kitu kingine cha kuisha meno. Kabla uinunue, hakikisha muuzaji ana gia za portali na za giaboksi, si bodi na tairi tu.

WPL C24 (1:16)

Hii ndiyo ya mwenye mfuko mwepesi. Ni pikapu yenye sura ya Hilux ya zamani, na bei yake huwa chini ya nusu ya TRX-4M. Inauzwa pia vipandevipande uijenge mwenyewe, na hapo ndipo inapowashinda wote: ukimaliza kuijenga unajua kila skrubu inakaa wapi.

Lakini usidanganyike. Gia zake za kawaida ni plastiki. Ukiinunua, tenga pesa za gia za chuma siku hiyohiyo. Ukijumlisha gia, servo na betri nzuri, ile tofauti ya bei uliyoona mwanzo inapungua sana. Hapo ndipo mimi nilichomeka.

Gharama haziishii kwa bei

Ukiagiza kutoka nje kuna usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Alafu betri: hizi za lithiamu huhesabiwa mzigo hatari kwa ndege, na wauzaji wengi hukataa kuzituma peke yake. Ni afadhali uchukue ndai yenye imekuja na betri yake, ama uitafute betri hapa kwanza.

Na hiyo betri iheshimu. Ya seli mbili ni volti 7.4, ikijaa inafika 8.4. Usiitumie mpaka izime kabisa. Seli ikishuka chini ya volti 3 inaharibika. Usiiache kwa chaji ukilala. Ikivimba, usiitoboe na usiirudishe kwa ndai. Hapo hakuna kuokoa.

Ujanja wa bei ya chini

Kabla ununue mota kubwa, shusha uzito. Vile vipande vya kubalansi tairi, ukivipata kwa wasee wa pancha, bandika ndani ya rimu za mbele ama kwa ekseli ya mbele, mradi visiguse kitu kikizunguka. Krola yenye ni nzito chini na mbele inapanda kitu ilikuwa ikipindukia jana. Na ikikwama, achia rimoti. Rudi nyuma, tafuta laini nyingine. Gia nyingi zinakufa juu ya mwenye rimoti hataki kukubali amekwama.

So uchukue gani?

Unaishi kwa nyumba ndogo na utacheza ndani: SCX24, juu spea hazitakusumbua. Unataka vitu vingi kwa ndai ndogo na umepata mwenye spea: FCX24. Unatoka nje, mawe, matope, na mfuko unaruhusu: TRX-4M. Hauna doo nyingi lakini una mikono na subira: WPL, ile ya kujijengea, na gia za chuma kutoka siku ya kwanza.

Na kabla ubonyeze tuma, muulize muuzaji swali moja: gia ikiisha meno leo, utaniuzia nyingine lini na kwa ngapi? Akianza kuzungukazunguka, funga hiyo chati na utafute mwingine. Mimi sikuuliza, na ile Hilux ilikaa juu ya kabati mwezi mzima ikiniangalia.