Mwaka wa Makunduchi: Hesabu, Moto na Mgeni

Mwaka Kogwa, sherehe ya kuukaribisha mwaka mpya inayofanyika kila Julai huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, hutajwa mara nyingi kuwa ni salio la Uajemi. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini huficha jambo kubwa zaidi, kwamba wenyeji wa kusini walijijua kuwa watu wamoja kwa kuhesabu siku pamoja, na kwa kutenda pamoja yale yaliyodaiwa na hesabu hiyo kila ilipotimia.

Hesabu yenyewe yastahili kuelezwa kwanza, kwa kuwa bila hiyo sherehe huonekana kama mchezo mtupu. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi mwandamo na una siku 354 au 355, hivyo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila ukipinduka, na mkulima hawezi kuutegemea kupanda, wala nahodha kuutegemea kuvuka bahari. Kwa ajili ya kazi hizo watu wa pwani walishika mwaka wa jua wenye siku 365, uliogawanywa katika miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi, ambayo yakiwa thelathini na sita huacha siku tano za kukamilishia. Siku yake ya kwanza iliitwa Nairuzi, neno la Kiajemi lenye maana ya siku mpya, na wenyeji wakaiita kwa lugha yao Siku ya Mwaka. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walihesabu kwa njia hiyo hiyo, na Ahmad ibn Majid, nahodha na mwandishi wa karne ya 15, alitaja nyakati za kusafiri kwa idadi ya siku zilizopita tangu Nairuzi. Ni dhahiri, basi, kwamba kalenda hii ilikuwa chombo cha watu waliokuwa wakizingojea kaskazi na kusi, pepo mbili zilizoupa mwaka wa pwani misimu yake.

Kwa kuwa mwaka huo hauongezewi siku kila baada ya miaka minne, Siku ya Mwaka husogea nyuma taratibu katika kalenda ya kawaida, ikawa katika miaka ya 1860 iliangukia mwishoni mwa Agosti, na sasa huangukia katika nusu ya pili ya Julai. Kusogea huko kunathibitisha kwamba hesabu imetunzwa kwa uaminifu, bila kusahihishwa na ofisi yoyote.

Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyechapisha kitabu chake cha lugha ya Kiswahili mwaka 1870, aliandika jinsi siku hiyo ilivyoadhimishwa wakati wake. Wanawake walikwenda kuoga usiku au alfajiri, kisha wakapika nafaka na kunde. Mioto yote ilizimwa, ukawashwa mpya kwa kupekecha vijiti. Na hapo zamani maovu yaliyotendwa siku hiyo hayakuchunguzwa, na ugomvi wa kale ulimalizwa kwa mapigano. Maji, moto na ugomvi vilikuwa, kwa namna hiyo, njia tatu za kuumaliza mwaka uliochafuka, na jina la kogwa, linalotokana na kuoga, limebeba maana hiyo hadi leo.

Makunduchi imeyahifadhi mambo hayo kwa umbo lake. Wanaume wa pande mbili za mji, kaskazini na kusini, hupigana kwa mabua ya migomba, silaha laini inayopasuka na kumwaga utomvu juu ya nguo za mpigaji na mpigwa, huku wanawake wakizunguka wakiimba. Kisha hujengwa kibanda cha makuti, mtu mmoja huingia ndani, kibanda hutiwa moto, naye hutoka mbio kabla hakijateketea. Moshi hutazamwa unakoelekea, kwa kuwa humo husomwa bahati ya mwaka. Anayeona hapo mchezo tu hajazingatia kwamba ndugu na jirani hupewa ruhusa ya kupigana hadharani mara moja kwa mwaka ili wasipigane kwa siri miezi iliyobaki.

Kuhusu asili ya Kiajemi, hoja ni ndefu. Msikiti wa Kizimkazi, ulio jirani, una maandishi ya Kikufi yenye mwaka wa 500 wa Hijria, sawa na 1107, na utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, kutokana na mabaki ya watu wa kale 80, wengi wao wakiwa wa miji ya pwani, ulionyesha kwamba akina mama wa Kiafrika na wanaume wa asili ya Uajemi walichanganyika tangu takriban mwaka 1000. Jina la Shirazi, wanalojiita wenye kudai asili hiyo, lilipata uzito wa kisiasa pia, hata likaingia katika jina la Chama cha Afro-Shirazi mwaka 1957. Hata hivyo, nasaba haielezi kwa nini mila hii imebaki kusini. Iliyoihifadhi ni kazi ya kuirudia kila mwaka, na wageni walipewa nafasi katika kazi hiyo, kwa kuwa wenyeji huamini kuwa kila nyumba yapaswa kuwa na mgeni siku hiyo, na mwenye nyumba asiyempata hutoka njiani kumtafuta, akimkuta mpita njia humwalika ndani ale.