Mahadhi na Maneno katika Masikio ya Waswahili

Husemwa mara nyingi na watu wazima kwamba wasikilizaji wa siku hizi hawajali maneno. Kwamba wimbo wenye sauti tamu hupokewa kwa shangwe hata ukiwa mtupu, na kijana asemaye maneno mazito kwa kufuata mapigo ya ngoma, yaani afanyaye muziki uitwao wa kufokafoka, huachwa akisema peke yake. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imekosea tarehe. Kupenda mahadhi kuliko matamshi hakukuletwa na redio wala kinanda cha umeme. Ni jambo la zamani katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na sababu yake moja imo ndani ya lugha yenyewe.

Taarabu ni shahidi wa kwanza. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alipenda muziki wa Misri, na katika enzi yake muziki huo uliingia jumbani. Mwaka 1905 kikaanzishwa mjini Unguja chama cha Ikhwani Safaa. Nyimbo za taarabu katika miaka hiyo zilikuwa za Kiarabu, na wengi waliozisikia hawakuijua lugha hiyo ila kwa sala na dua. Walakini walizipenda. Jina lenyewe la taarabu latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya moyo kutekwa kwa furaha au huzuni. Juu ya kufahamu, jina hilo halisemi kitu.

Aliyeyabadili mambo hayo alikuwa Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyepata kuuza vyungu kabla ya kujulikana kwa sauti yake. Aliimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 yeye na wenziwe walisafiri mpaka Bombay wakatiwe sauti zao katika sahani za santuri. Katika nyimbo zake mlikuwa na habari za mji: wakubwa na wadogo, hukumu na dhuluma. Wimbo wa Kijiti, kwa mfano, ulieleza habari za mtu aliyemwua mwanamke kisha akakimbilia bara. Habari kama hiyo ingeweza kusimuliwa barazani ikasahauliwa baada ya mwezi. Ilipotiwa katika mahadhi ilikaa vinywani mwa watu muda mrefu baada ya Siti kufa mwaka 1950. Kwa hiyo si kweli kwamba apendaye sauti huyakimbia maneno. Msikilizaji wa Siti aliyapata maneno kwa kupitia sauti, na pengine asingeyapokea kwa njia nyingine.

Kwa nini iwe hivyo? Hapa yafaa kuitazama kanuni ya kina. Katika ushairi wa Kiswahili kina ni silabi ya mwisho wa kipande, na hiyo peke yake yatosha. Neno safari na neno kaburi huhesabiwa kuwa na kina kimoja, kwa sababu yote mawili huishia kwa ri. Lakini mkazo wa Kiswahili haukai mwisho wa neno; hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mtu akiyasema maneno hayo kwa sauti ya kawaida, sikio hukamata fa katika la kwanza na bu katika la pili, na ile ri hupita upesi kama mgeni aliyekataa kuketi. Kina kimo, lakini hakisikiki sana. Mwimbaji afanya kinyume chake: huivuta silabi ya mwisho, huipandisha na kuishusha, na hapo kina hutokea mbele za watu. Mizani nayo ni hivyo hivyo. Utenzi huwa na mizani nane katika kila kipande, na shairi huwa na nane na nane. Lakini hesabu hiyo ni ya silabi, si ya mikazo. Mikazo huangukia popote. Yasemwapo tu, mashairi hayo huenda yakachechemea. Yaimbwapo hunyooka, maana mahadhi huipa kila silabi mahali pake.

Yako makabila ya bara ambayo lugha zao, kama Kiganda, hutofautisha maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na mtunzi wa wimbo hana budi kuchunga asiligeuze neno. Kiswahili cha Mvita na Unguja hakina mzigo huo. Mwimbaji yu huru kulipeleka neno juu au chini apendavyo, na maana haibadiliki. Labda hii ndiyo sababu sauti za Misri na za Bara Hindi ziliweza kuvikwa maneno ya Kiswahili bila ya taabu kubwa.

Wataalamu wa ushairi walilijua jambo hili. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka 1954, alishikilia kwamba shairi ni wimbo, na lisiloimbika halina thamani. Miaka ishirini baadaye, 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na mabishano makali yakazuka. Watu walibishana juu ya sheria. Lakini chini ya sheria lilikuwapo sikio. Mzee aliyezoea kumsikia malenga akiimba alifungua diwani mpya, akajaribu kuitia mahadhi, ikakataa. Kwake hilo lilikuwa sawa na kupewa ngoma isiyolia. Mshairi mpya naye alitaka asomwe kwa macho na kwa fikira, na hakuwa na kosa kutaka hivyo.

Vijana wa Dar es Salaam walioanza kufokafoka kwa Kiswahili katika miaka ya 1990 walikutana na sikio lile lile. Maneno yao hayakuwa mepesi. Joseph Mbilinyi, ajulikanaye kwa jina la Mr. II au Sugu, na Joseph Haule, aitwaye Professor Jay, walisema juu ya umaskini na viongozi, na wote wawili baadaye waliingia Bungeni, wa kwanza mwaka 2010 na wa pili 2015. Jambo ambalo waimbaji wa sauti tamu hawakulipata kwa wingi. Walakini katika ufundi wao walilazimika kuongeza juhudi: kina cha silabi moja hakikuwatosha katika kusema, na aliyetaka kusikika alihitaji kulinganisha silabi mbili au tatu. Tena wakatafuta waimbaji wa kuwasaidia. Katika Zali la Mentali, Professor Jay ndiye asemaye hadithi, na Juma Nature ndiye aimbaye kiitikio. Kiitikio tangu zamani ni fungu la wasikilizaji. Katika vugo na ngoma nyingine za pwani mmoja hutoa na wengi hupokea. Maneno ya haraka ya mtu mmoja hayampi mpokeaji nafasi, naye huona kuwa amenyimwa haki yake.

Mwaka 2001 ulionyesha jambo hilo waziwazi kuliko hoja yoyote. Saida Karoli wa Bukoba aliimba kwa Kihaya, na nyimbo zake zikapigwa Tanzania nzima, katika mabasi na arusini, kwa watu wasiojua Kihaya. Ilikuwa kama Unguja ya 1905, ila lugha ngeni sasa haikutoka ng'ambo ya bahari, ilitoka ziwani.

Hasara iliyoachwa na historia hii iko katika vitabu. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa 1858 kwa ajili ya binti yake, umepigwa chapa mara kadha wa kadha, ukafasiriwa na kuelezwa. Maneno yake yako salama. Mahadhi yake hayakuandikwa humo, na mwanafunzi darasani huusoma kama asomavyo barua, kisha humwuliza mwalimu wake kwa nini wazee waliusifu.