Orodha mbili za malipo, jina moja: namna ya kuona kilichobadilika

Chukulia karani wa AMCOS huko Mbozi ana mafaili mawili ya malipo ya kahawa. Yote yana jina moja. La kwanza lilitumwa WhatsApp Jumatatu, la pili Alhamisi. Mkulima aliyeandikiwa kilo 340 kwenye la kwanza ana kilo 304 kwenye la pili. Orodha ina wakulima 600. Ukisoma kwa macho, siku inaisha na bado utaruka mstari.

Kazi hii ina programu zake. Kompyuta zimelinganisha mafaili mstari kwa mstari tangu 1974, ilipotoka programu iitwayo diff. Mwaka 2005 Linus Torvalds alianzisha Git, inayotunza kila toleo la faili na kuonyesha nani alibadilisha nini na lini. Vijana wengi wanaojifunza kompyuta wanaitumia. Git huweza kuita programu nyingine, kama Meld, KDiff3 au WinMerge, ili uone matoleo mawili ubavu kwa ubavu. Hapo ndipo matatizo huanza.

Programu haifunguki. Mara nyingi Git haijui programu hiyo ilipo. Andika:

git difftool --tool-help

Utaona programu zilizo tayari na zile ambazo Git inazifahamu lakini haikuzipata kwenye mashine yako. Kama yako imo kwenye kundi la pili, ionyeshe njia kamili:

git config --global difftool.meld.path "njia kamili ya programu"

Usiache alama za kufungia, maana jina la folda likiwa na nafasi katikati, njia hukatika.

Dirisha linafunguka, upande mmoja mtupu. Kama faili ni jipya, hilo ni sawa, kwa kuwa halina toleo la zamani. Kama si jipya, huenda Git ilifuta nakala yake ya muda kabla programu haijaisoma. VS Code, kwa mfano, lazima iitwe pamoja na neno --wait, ili Git isubiri hadi ufunge dirisha.

Kila mstari unaonekana umebadilika. Usikimbilie kumtuhumu mtu. Windows huweka alama isiyoonekana mwishoni mwa kila mstari, na mashine nyingine haziiweki. Jaribu:

git diff --ignore-space-at-eol

Sababu nyingine ni mpangilio. Orodha moja ikipangwa kwa jina na nyingine kwa namba ya mwanachama, hakuna kitakacholingana. Panga zote mbili kwa namba ya mwanachama kwanza.

Git inasema tu kwamba mafaili yanatofautiana. Hutokea kwa mafaili ya Excel, kwa sababu si maandishi matupu. Fungua kila moja, lihifadhi kama CSV, kisha linganisha.

Huna kompyuta? Kwenye simu ya Android, programu ya Termux inaweza kuendesha Git. Ukiwa kwenye folda yenye mafaili hayo, andika:

git diff --no-index jumatatu.csv alhamisi.csv

Mstari wenye alama ya kutoa ni wa faili la kwanza, na wenye alama ya kujumlisha ni wa faili la pili.

Tahadhari moja. Kuna tovuti zinazolinganisha mafaili bure, lakini orodha ya malipo ina namba za simu na akaunti za watu. Usiipandishe huko. Linganisha kwenye kifaa chako mwenyewe.

Kumbuka pia kwamba programu inaonyesha tofauti tu. Haijui kama mkulima alipima kilo 340 au 304. Jibu liko kwenye stakabadhi ya mzani. Kwa hiyo mkulima, tunza stakabadhi yako, ipige picha kwa simu siku hiyohiyo, na orodha ikitoka tafuta mstari wako. Karani, usitumie jina moja kwa mafaili mawili: andika tarehe kwenye jina la kila toleo, na usifute la zamani. Likibaki, mkulima akija na stakabadhi yake mnaweza kukaa pamoja na kuona tarakimu ziligeuka wapi.