Kodi ya Sweden: inavyokatwa, inavyorudi, na mambo ya kujua kabla mzee hajahama

Ndugu zangu wa Maskati, Dubai na Doha huniuliza swali moja kila tukizungumza kwa simu: ni kweli huko Sweden mnakatwa theluthi ya mshahara? Zamani niliona ni swali la udadisi tu. Sasa lina uzito, kwa sababu Oman imeshatoa sheria ya kodi ya mapato ya mtu binafsi, na tena wazee wetu wengi wa huku wanafikiria kurudi kumalizia maisha kwa watoto wao Ghuba. Nimefanya kazi ya ukarani maisha yangu yote, na skuli ya misheni ilinifundisha kuweka hesabu kwa mistari. Basi nitaeleza kwa mistari.

Mahali ninapoandikia

Ninaishi Akalla, kaskazini-magharibi ya Stockholm, mwisho wa njia ya buluu ya treni ya chini ya ardhi. Kituo chetu kilifunguliwa mwaka 1977. Mtaa huu ulijengwa miaka ya sabini, katika mkondo wa mpango mkubwa wa serikali wa kujenga nyumba milioni moja kati ya 1965 na 1974. Njia zake nyingi zina majina ya Kifini, lakini ukikaa kwenye benchi la sokoni utasikia Kisomali, Kiarabu, Kitigrinya na, ukibahatika, Kiswahili. Treni, skuli, zahanati na maktaba tunazotumia hapa zinaendeshwa kwa fedha za kodi.

Mifuko mitatu

Kodi ya mapato huku inagawika. Wa kwanza kupokea ni halmashauri ya mji, inayosimamia skuli, malezi ya watoto wadogo, huduma za wazee na msaada kwa wasio na kipato. Wa pili ni mkoa, wenye hospitali na usafiri wa umma. Hapa Stockholm sehemu za hawa wawili zikijumlishwa ni karibu asilimia 30. Kiwango hakipangwi na waziri. Hupangwa na madiwani wa mji na wa mkoa, nao huchaguliwa kila baada ya miaka minne. Hata mgeni asiye raia hupiga kura katika uchaguzi huo akishaishi nchini miaka mitatu.

Wa tatu ni serikali kuu. Yeye hutoza asilimia 20 juu ya kipato kinachovuka mpaka fulani tu. Mwaka 2025 mpaka huo ulikuwa kronor 625,800 kwa mwaka, kwa hiyo wengi wa majirani zangu hawaufikii kabisa.

Mfanyakazi pia hupata nafuu mbili. Kuna sehemu ya kipato isiyotozwa, na tangu 2007 kuna punguzo la kodi kwa mwenye kufanya kazi. Kwa hiyo mwenye mshahara wa kawaida hakatwi theluthi kamili. Mara nyingi ni chini ya robo. Lakini kuna mkato asiouona. Mwajiri hulipa asilimia 31.42 juu ya mshahara. Ukilipwa kronor 30,000, yeye anatoa nyingine 9,426 kwa ajili ya pensheni, bima ya ugonjwa na mengineyo. Kisha ukienda dukani kuna kodi ya ongezeko la thamani: asilimia 25 kwa bidhaa nyingi, na kidogo zaidi kwa chakula, vitabu na nauli. Ukijumlisha yote, utaona kwa nini ndugu yako wa Stockholm anaonekana tajiri kwenye karatasi na bado hana cha kutuma mwisho wa mwezi.

Kinachorudi

Skuli haina ada, na mtoto hupewa chakula cha mchana hapo hapo. Kila mtoto hulipiwa posho ya kronor 1,250 kwa mwezi mpaka afike miaka 16, mzazi awe tajiri au maskini. Hospitalini mtu huchangia kidogo, na kuna kikomo kwa mwaka. Chuo kikuu ni bure kwa wakaazi na kwa raia wa Ulaya. Mzazi wa Ghuba anayetaka kumleta mwanawe kusoma ajue kwamba wanafunzi wa kutoka nje ya Ulaya wanalipa ada tangu 2011.

Kuna jambo jingine ambalo kwetu lingeleta ugomvi. Mapato yanayotozwa kodi si siri. Mtu yeyote anaweza kuuliza Skatteverket, mamlaka ya kodi, jirani yake amehesabiwa kipato gani. Msingi wake ni sheria ya uwazi ya mwaka 1766. Fomu ya kodi huja imeshajazwa, nawe huihakiki na kuithibitisha kwa simu mwanzoni mwa Mei. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tunaikumbuka kodi ya kichwa, watu wakijificha mashambani mkusanyaji akija kijijini. Huku karatasi inakusubiri nyumbani.

Mageuzi

Msidhani mambo haya hayajabadilika. Mwaka 1991 Sweden ilifumua mfumo wake wote wa kodi na kupunguza viwango vya juu vya mapato. Mara tu baada ya hapo uchumi ukaanguka. Septemba 1992 benki kuu ilipandisha riba yake mpaka asilimia 500 ili kuitetea krona, na Novemba ikasalimu amri ikaiacha ielee. Matumizi ya umma yalikatwa, na posho zikapunguzwa. Kuanzia 1997 bunge huweka kikomo cha matumizi ya serikali mapema, kabla ya miaka yenyewe kufika.

Baadaye kodi ya mirathi iliondolewa mwaka 2004, na kodi ya utajiri mwaka 2007. Kodi ya nyumba za kuishi ikageuzwa mwaka 2008 kuwa ada yenye kikomo. Wapo wanaosema mageuzi hayo yaliwabakisha wafanyakazi na mzigo na kuwapumzisha wenye mali. Mimi naona wana hoja: jasho linatozwa kila mwezi, urithi hautozwi hata senti.

Pensheni, na suala la kuhama

Hapa ndipo wazee wetu wanapoumia, basi someni taratibu.

Pensheni ya umma ina sehemu mbili kuu. Ya kwanza ni ya jasho lako: asilimia 18.5 ya kipato huwekwa kila mwaka, 16 katika mfuko wa pamoja na 2.5 katika mifuko ya uwekezaji unayochagua mwenyewe. Hii ni haki yako na hukufuata popote duniani, iwe Maskati au Unguja.

Ya pili ni pensheni ya dhamana, kwa aliyechuma kidogo. Kuipata kamili lazima uwe umeishi nchini miaka 40. Aliyeishi 20 anapata nusu. Na hii imefungwa na makazi: ukihamia Oman inakatika. Mama aliyefanya usafi miaka kumi na tano na kulea watoto muda uliobaki, pensheni yake kubwa mara nyingi ni hiyo ya dhamana. Akihama bila kuuliza, anaweza kufika Ghuba akakuta kilichobaki hakitoshi hata dawa.

Kwa hiyo, kabla ya kukata tiketi, muulizeni mzee bahasha yake ya rangi ya chungwa iko wapi. Ni barua ya kila mwaka ya pensheni. Iandikieni Pensionsmyndigheten, mamlaka ya pensheni, mkiomba hesabu ya kiasi atakachopata akiishi nje. Akihama, aiarifu mamlaka ya kodi, na baadaye arudishe hati ya kuthibitisha kwamba yu hai kila inapotumwa, la sivyo malipo husimamishwa.

Na huko kwenu

Oman ilianza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 tarehe 16 Aprili 2021. Kodi ya mapato, iliyotangazwa Juni 2025, itaanza 1 Januari 2028: asilimia 5 kwa kipato kinachozidi riali 42,000 kwa mwaka. Wengi haitawagusa. Upande wa pili, tangu Januari 2024 raia wa Oman aliyetimiza miaka 60 hupewa riali 115 kwa mwezi, na mtoto riali 10. Hata Zanzibar, kwa uwezo wake mdogo, ilianza Aprili 2016 kuwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi.

Wazee wa familia zenu wamegawanyika nchi mbili na tatu, na kila nchi ina hesabu yake. Kaeni nao na karatasi mezani, mwandike miaka waliyoishi na kuchangia kila mahali. Hesabu hiyo ifanyike wakiwa bado wanakumbuka tarehe.